Kazi Nilizoziimba Ijumaa

Mama alipozikwa, miaka michache baada ya baba, niliacha shule nikabaki na wadogo zangu watatu. Shangazi yetu aliyeolewa Birongo alitaka kumchukua kitinda mimba. Aliniambia mbele ya jamaa, "Mvulana hawezi kulea mtoto. Sabato nitakuja. Nikimkuta mchafu kanisani, naondoka naye."

Kwetu Sabato huingia Ijumaa jua likitua. Baada ya hapo hakuna kufua, kupasua kuni wala kuchota maji. Kazi zote zilibanwa katika alasiri moja, nami nilizibeba kichwani. Kichwa changu kilikuwa kama kikapu kidogo: nikitia kitu kipya, cha zamani kinadondoka. Nikaanza kuziimba kazi zenyewe kwa sauti ya wimbo wa kanisani: maji, kuni, unga wa wimbi, dawa ya kikohozi, gauni la mtoto. Wimbo ulizishika pamoja kama kamba inavyoshika mzigo wa kuni.

Ijumaa hiyo niliimba mpaka kisimani. Nikamkuta jirani yetu, mama mtu mzima, na wenzake. Kwetu humsalimii mtu ukapita. Aliuliza habari za kila mtoto, za ng'ombe, za majani chai, nami nikauliza za kwake. Kisha akasema, "Na wewe, mama watoto, utaolewa lini?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nilipoinua debe, wimbo ulikuwa umekatika. Niliuanza upya njia nzima, lakini mwisho wake haukuja.

Jua lilikuwa limeshazama nilipokumbuka gauni. Nilikimbilia beseni nyuma ya nyumba. Gauni halikuwemo. Lilikuwa kambani, limefuliwa, linachuruzika maji.

"Nani amefua?"

"Mimi," alijibu dada yangu anayenifuata. "Kaka, si unaimba kila Ijumaa? Hata mbuzi ameujua huo wimbo."

Tulilikausha karibu na meko. Asubuhi wote watatu walikwenda kanisani, mtoto aking'aa. Walinisimulia baadaye kwamba shangazi alimpakata ibada nzima, akamkagua shingo na masikio, asipate neno. Mimi sikwenda. Shati langu la pekee lilikuwa bado limelowekwa katika ndoo nyuma ya mlango. Halikuwa katika wimbo, kwa hiyo dada hakulijua, na mimi pia sikulikumbuka.

Nilikaa uani kifua wazi. Kutoka ng'ambo ya bonde nikausikia wimbo ule ukiimbwa kwa maneno yake halisi. Midomo yangu ikaufuata: maji, kuni, unga.

Shangazi alipitia nyumbani kabla ya kurudi Birongo.

"Mtoto abaki," alisema. "Lakini wewe, mbona hukuja kusali?"

"Nilibaki kumwangalia mbuzi, shangazi."

Alimtazama mbuzi, aliyefungwa kwa kamba fupi kwenye nguzo. Akanitazama mimi, kifua wazi. Kisha akawaaga watoto.