Kamba ya Dunguni

Kijibwa chetu hakuwa na jina. Mama alikataa katakata. Alisema mbwa ukimpa jina atajiona mtu, mwishowe ataomba mkeka. Basi nikawa namwita "Wewe", na yeye anaitika kwa mwili mzima, kuanzia mkia mpaka masikio. Alikuwa mdogo wa kuchekesha. Akiingia kwenye mpunga humwoni, unaona mabua yanatikisika tu.

Tulimfuga kwa ajili ya nguruwe pori. Sisi watu wa bondeni, mpunga ukianza kubeba, tunahamia shambani na vyungu vyetu, tunakaa dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo, mpaka tuvune. Majirani walikuwa na mijibwa ya maana, wakawa wananicheka: "Dada, huyo mbwa au panya buku?" Nikawaambia njooni muone mpunga wangu kwanza, halafu mcheke vizuri. Nguruwe walimkimbia, sijui kwa nini. Labda kwa sababu sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye.

Mama ni mtu wa dini, na mbwa kwake ni najisi, hakuna mjadala. Pua mbichi ya kijibwa ikinigusa, lazima nioshe mara saba, moja kwa udongo. Mama ananihesabia akiwa juu dunguni. "Hiyo ya nne. Usiniibie!" Na mimi nilimshika kila siku, makusudi. Nilimpenda, basi. Nimeteka maji mengi kwa ajili ya kumkuna masikio yule, na sijutii hata ndoo moja.

Ubaya wake ulikuwa meno. Alitafuna kandambili, mpini wa jembe, na kila kamba niliyomfungia. Nikimfunga asubuhi, adhuhuri yuko miguuni mwangu na kipande cha kamba shingoni, anafurahi, mshenzi yule.

Mwaka ule maji yalikuja mchana. Kwetu maji si mgeni. Yanakuja, yanapanda ngazi ya dungu vidato viwili vitatu, yanarudi. Siku ile yalipita kidato cha tatu, yakapita cha nne, na jirani akatuletea mtumbwi. Miguu ya mama imevimba miaka mingi, nikambeba mgongoni. Nikapakia gunia, sufuria na msala wake wa kusalia. Kijibwa akaruka ndani kabla yangu, akatua juu ya msala.

"Mtoe!" mama akapiga kelele. "Mtoe mnyama huyo! Nitasalia nini huko niendako?"

Siku nyingine ningebishana naye. Mimi na mama tumebishana maisha yetu yote. Lakini mtumbwi unayumba, jirani anasema haraka, dada, haraka. Nikamkamata kijibwa, nikapanda naye dunguni, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Nikamfunga nguzoni kwa kamba ya usumba wa nazi, asije akatufuata majini akaliwa na mamba. Nikamwambia, "Kaa hapa. Kesho nakuja." Nilijua maji hayafiki juu. Na yakifika, nikajiambia, ataikata kamba. Ngapi ameshazikata?

Alibweka mpaka tulipopotelea kwenye matete. Mama hakugeuka.

Kesho hiyo haikupatikana. Tulifikia Mahege, huko juu kusikofika maji, kwa mama mdogo, na maji yakakaa wiki baada ya wiki, hakuna mtu wa kunirudisha. Kila siku mama akimaliza kusali juu ya ule msala, ananiuliza, "Atakuwa ameikata?" Namjibu, "Ameikata, mama." Kuna siku aliniuliza mara tatu kabla ya chai. Hapo nikajua kumbe na yeye halali.

Maji yalipopungua nilikwenda peke yangu. Dungu lilikuwa limesimama. Tope limepita sakafu, limepaka ukuta mpaka karibu na paa. Kamba ilikuwa pale pale nguzoni. Niliipapasa yote, polepole, natafuta alama ya meno. Hapakuwa na hata moja. Mwishoni mwa kamba alikuwepo yeye.

Yarabi. Kamba zote zile alizozitafuna, hiyo moja hakuigusa. Nilimwambia kaa, akakaa. Mbwa hakunisikiliza maisha yake yote, kwa nini alinisikiliza siku ile?

Nilimzika kwa mikono yangu. Kisha nikashuka mtoni kuosha mara saba, najihesabia mwenyewe. Nilipofika ya nne nikashindwa, nikaanza tena.

Mama alikuwa ananisubiri barazani. "Je?" akauliza.

"Nimekuta kamba imekatwa."

Akalia, mama yangu yule mkali. Akasema alhamdulillahi, mbwa hunusa njia, huyo atatufuata tu mpaka hapa.

Tangu siku hiyo, kila alasiri anaweka ukoko wa wali kwenye kifuu nyuma ya nyumba. Mwanzoni ukoko ulikuwa unabaki, nikamwona anautazama, uso umemshuka. Sikuweza kuvumilia. Sasa akiingia kusali natoka, naumwaga kwenye shimo la taka, narudisha kifuu kitupu. Na wallahi, kuna siku nikiinama pale nasikia pumzi za kijibwa kisiginoni mwangu, nageuka, hakuna kitu.

Jana mama aliniita. Alikuwa amekiinamia kifuu, amejishikilia ukutani.

"Amekula tena," akasema. "Lakini mbona anakuja nikiwa nasali tu? Hataki nimwone. Hebu muulize, mwanangu, wewe anakusikiliza. Muulize kama bado amenikasirikia."