Askari Wawili na Mbuzi wa Bibi

Jumamosi alasiri, kwenye banda la video hapa Kwa Sadala, tulikuwa tukiangalia katuni ya Kijapani kuhusu askari wawili wa kike: mmoja mpole, mwenzake anavunja hata milango iliyo wazi. Tulikuwa hoi kwa kicheko. Kwenye benchi la mbele walikaa askari wawili wa kike wa kweli, mmoja mrefu, mwingine mfupi, na hawakutabasamu hata kidogo.

Ghafla bibi mmoja akapiga yowe nje: "Mwizi! Mbuzi wangu jamani!"

Mfupi alitoka mbio akipuliza filimbi na kuruka mafungu ya ndizi sokoni, sisi sote nyuma yake, vumbi tupu! Mrefu alipita taratibu uchochoro wa nyuma ya bucha, akatokea mbele yao. Mwizi, mbuzi begani, akageuka kumtazama anayemfukuza, akamvaa mrefu kifuani.

"Karibu, baba," mrefu akamwambia, akimpokea mbuzi.

Mfupi akafika akihema. "Ningemkamata mimi!"

"Ungemkamatia Boma Ng'ombe, mji wa pili huko," mrefu akamjibu.

Soko zima likaangua kicheko. Bibi akawakumbatia wote wawili, na mbuzi katikati.

Watu wanamsifu mrefu. Mimi nauliza: bila kelele za mfupi, mwizi angegeuka kutazama nini?