Siku Niliyompigia Vigelegele Mpinzani wa Ndugu Yangu

Kuna aibu za kuwasimulia wageni na kuna za kuwasimulia watu wako tu, na hii ni yenu nyinyi, maana wallahi mpaka leo nikipita ule mtaa wa katikati ya London ilipo ile baa, mimi huvuka barabara nikatembea upande wa pili, nikijitia natazama madirisha ya maduka.

Nianze na ndugu yangu. Salim ni kitinda mimba wetu, alicheza mpira kwenye viwanja vya vumbi vya Mombasa mpaka chuo kimoja cha Marekani kikamchukua kwa ajili ya miguu yake, na alipofika huko wakamtoa kwenye soka tuliyoizoea wakamtia kwenye ule mpira wao wa umbo la yai (wanaukumbatia kwa mikono kutwa nzima na bado wanauita mpira wa miguu, sijapata wa kunieleza kwa nini). Kazi yake ilikuwa moja: wenzake wakishaumizana vya kutosha, anaitwa yeye aupige kwa mguu upite katikati ya milingoti miwili, kisha anarudi kukaa. Miaka ikapita hajaja nyumbani, karatasi zake zilikuwa za wasiwasi, akitoka huenda asirudishwe, na mama alipoomba viza ya kwenda kumwona akanyimwa. Kwa hiyo mama alipokuja kunitembelea mimi London (nilikuwa muuguzi, nakaa Queensbury), jambo la kwanza aliloniuliza pale uwanja wa ndege, hata koti nililomletea hajalivaa, ni kama huku Salim anaonekana kwenye televisheni.

Haonekani. Miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni, mechi za vyuo vya Marekani hukuzipata kwenye televisheni zetu za kawaida, ilitaka dishi la aina yake, na hata hilo dishi lilikuwa na vyuo vyake linavyovipenda, chuo cha Salim si kimojawapo. Nikawa napiga simu huku na huku kila nikitoka shifti mpaka nikapata baa moja mjini wanakokutana Wamarekani, na bahati iliyoje, Jumamosi ya mwisho kabla mama hajaondoka walikuwa wanaionyesha mechi ya kina Salim, jioni, baada ya magharibi. Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulioniponza. Mama yangu hajapata kukanyaga baa tangu azaliwe, sasa nitamwambia nini? Nikamwambia ni mkahawa.

Mama kusikia mkahawa, akamwalika Bi Zuhura, shoga yake tangu chuoni wakisoma Kurani, anayekaa Stanmore kwa mwanawe. Bi Zuhura naye haendi mahali mikono mitupu, akaja na bakuli la kaimati. Nami kwa kuogopa tusije tukashangaliwa mlangoni, wanawake watatu, mabuibui matatu na kaimati, nikampigia simu meneja nikamweleza kwamba ninayekuja naye ni mama mzazi wa mmoja wa wachezaji, atutafutie meza pembeni. Nilisema pembeni. Yeye akaenda akawaambia wateja wake, na kumbe Wamarekani waliokuwa wakikutana pale wengi walisoma chuo kile kile cha Salim.

Basi tunafika, mlango unafunguliwa, na watu wote waliovaa kofia nyekundu wanasimama kutupigia makofi. Wamebandika karatasi ukutani wameandika jina la Salim (wamelikosea, lakini nia ilikuwa njema), na ile meza yetu ya pembeni imehamishiwa mbele kabisa, chini ya televisheni kubwa. Bi Zuhura akaninong'oneza kuwa mkahawa huu mbona unanuka hivi. Mimi nikajifanya sijasikia. Mama alitazama chupa zilizojipanga nyuma ya kaunta, akanitazama mimi, akaketi na mkoba wake mapajani kama mtu aliyekuja kumtembelea jamaa, akaniambia nimwombee chai ya maziwa. Wakamletea. Mpaka leo namstaajabia kwa jinsi alivyoketi tu pale.

Mngedhani ningenyamaza hapo. Lakini pembeni yetu alikaa mzee mmoja wa Kimarekani, mpole, mwenye kofia nyekundu iliyopauka, na kila akitaka kutueleza mchezo mimi namwambia asijisumbue, najua (nilikuwa nimesoma kurasa mbili za kitabu cha maktaba nikiwa kwenye treni). Nikawa mkalimani wa mama na Bi Zuhura, natafsiri nisiyoyajua kwa watu wasioyajua, na hakuna wa kunisahihisha. Nikawaambia wamwangalie Salim kwenye timu ile yenye jezi za rangi ya damu ya mzee, kwa sababu picha zote alizotutumia amevaa nyekundu. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba timu ikienda kucheza ugenini huvaa nyeupe.

Wakaja wale wa damu ya mzee wakasukumana, wakaanguka, wakainuka, mara akatoka kijana mmoja mwembamba akapiga hatua chache, akaupiga mpira ukapaa ukapita katikati ya milingoti barabara. Mimi sikungoja. Niliruka juu nikapiga kigelegele nilichokuwa nimekihifadhi tangu harusi ya dada yetu mkubwa, Bi Zuhura akadakia, nikawa napaza sauti kwa Kiingereza kwamba huyo ndiye ndugu yangu, na katika kurukaruka kiwiko changu kikaupiga ule mtungi wa bia uliokuwa mbele ya mzee, ukamwagika wote mapajani mwake.

Nikawa napiga kigelegele peke yangu. Bi Zuhura alinyamaza kabla yangu, maana alikuwa ameshageuka akaona nyuso. Baa nzima imetulia, kofia nyekundu zote zinanitazama, na kwenye televisheni alama zimeongezwa upande wa wapinzani. Kijana mmoja kule nyuma aliuliza, si kwa ubaya lakini nilimsikia, kama tuna hakika tumekuja mahali penyewe. Niliona wengine wanaitazama ile karatasi ukutani kisha wananitazama mimi, na nikaelewa wanachofikiri: kwamba sisi si mtu na mama yake, ni matapeli wa buibui tuliokuja kunywa chai ya bure.

Mama akaniuliza kimetokea nini. Nikamwambia kwa sauti ya chini, nikitamani sakafu ipasuke, kwamba nimewapigia vigelegele wapinzani.

"Nilijua," akasema mama. "Yule si Salim."

Akafungua mkoba, akatoa leso yake mpya, doti nzima ambayo hata hajaikata, akainuka akampa yule mzee kwa mikono miwili, akamwashiria ajifute. Mzee akasitasita, kitu kizuri kama kile ukifutie bia, lakini mama alisimama vile vile mpaka akaipokea. Kisha akachukua bakuli la kaimati kwa Bi Zuhura akalipitisha meza kwa meza, hajui Kiingereza cha kuombea maji, na kila aliyechukua alijikuta anainamisha kichwa kidogo. Alipomaliza duru hakukuwa na mtu aliyekumbuka kutushuku.

Mechi ikaenda mpaka ikakaribia kwisha, kina Salim wako nyuma kidogo tu, na mzee (sasa nilimwacha aeleze) akatuambia mpira mmoja wa mguu ukipita watashinda. Wakatoka wachezaji wa nyeupe, wote sawasawa, makofia yenye vyuma mbele ya uso kama watu waliotoka kuchomelea mageti. Mama akanishika mkono.

"Huyo hapo," akasema. "Yule wa mwisho."

Nikamuuliza kajuaje, uso hauonekani.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea."

Na kweli, mtangazaji akalitaja jina, akalivunjavunja, lakini lilikuwa la Salim. Baa yote ikasimama. Akapiga. Mpira ukaenda vizuri, ukagonga mlingoti wa kulia, ukarudi.

Sitaueleza ule mguno. Watu walishika vichwa, kijana wa kule nyuma alitupa kofia yake chini. Lakini sikilizeni: kwa kuwa amekosa, kamera ikamfuata. Angelifunga, wenzake wangelimrukia tusione ila lundo la jezi. Amekosa, akavua lile kofia, na sura yake ikajaa televisheni nzima, jasho na ndevu ambazo sisi hatujaziona zikiota, ikakaa pale, ikakaa. Mama aliinuka akasogea mpaka chini ya kioo, akanyoosha mkono, hakufika.

"Si kitu, baba," akamwambia. "Si kitu."

Hakuna aliyemtafsiria mtu. Yule kijana akaiokota kofia yake. Watu wamefungwa mechi yao, na mmoja mmoja wakawa wanapita kumpa mama mkono kabla ya kuondoka, na mzee akawa wa mwisho, ameikunja leso vizuri arudishe, mama akakataa.

Tulipotoka nje kwenye baridi mama alivaa glavu zake pole pole, akaniambia, "Mkahawa wako una chai nzuri, Rukia." Bi Zuhura alicheka mpaka kituoni.

Salim alipiga simu kesho yake, sauti imemkauka, akisema heri kama hatukuona. Mama akamwambia amemwona vizuri sana, na kwamba amekonda, ale. Nilingoja anitaje na vigelegele vyangu. Hakunitaja, si siku ile, si siku nyingine yoyote. Nami nimeapa: nikikaa na mama mbele ya televisheni, iwe mpira au taarifa ya habari, nafunga mdomo, na kabla sijashangilia chochote, kwanza namtazama yeye.