Sahihi Niliyomnyima Jeilani

Mtu akirudi nyumbani jicho limevimba na bado anatabasamu, ana jambo analolificha. Hivyo ndivyo nilivyoamini mwaka wa sitini na sita, na sikuwa peke yangu. Mtaa mzima wa Mkomani uliamini vivyo hivyo, ingawa sasa kila mtu anasema yeye hakuwamo.

Jeilani alikuwa hamali. Alikuwa mwana wa Bi Barka, mjane aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hakukuwa na mlango katika mji wa Amu, yaani Lamu, asioinama kuupita. Akiingia uchochoroni, punda ndio waliosimama kumpisha. Mchana kutwa alipakua saruji na boriti gatini, na alfajiri, kabla ya kazi, alikwenda kwenye laini za polisi. Huko ndiko alikotoka na jicho lililovimba.

Siku zile zilikuwa za vita vya shifta, waasi wa kaskazini. Bara, ng'ambo ya maji, hakukukalika. Askari walijaa mjini, hutoki bila barua ya ruhusa, na mtu akikuuliza habari za mwenzako ulitazama kwanza nani anasikiliza. Mimi nilisifika kwa kutazama. Nilikuwa fundi wa nguo, cherehani yangu iko barazani, na kila apitaye nilimpima kwa macho kabla sijampima kwa utepe. Abdulghafur hadanganyiki, watu walisema, nami nilipenda kulisikia hilo.

Aliyekuwa akimfunza Jeilani ngumi ni koplo mmoja wa kutoka bara, akiitwa Patroba. Yeye mwenyewe aliwahi kupigana uzito wa juu, mpaka goti likamharibikia. Siku moja alimleta kijana kwangu nimshonee bukta ya ulingoni.

"Fundi, huyu anakwenda Mombasa kwa mashindano ya pwani," alisema. "Akipita pale ni timu ya taifa. Nimepigana na watu wazito miaka tisa, sijakutana na mkono wa kushoto kama huu."

Jeilani aliinama akaninong'oneza. "Ami, iwe refu. Ifinike magoti."

Patroba alicheka, akasema refa atadhani amekuja harusini. Nami nilicheka. Sikatai, siku ile nilifurahi. Kitambaa kilikuwa atlasi nyekundu, na paja la Jeilani utepe wangu ulilizunguka kwa taabu. Mimi nikipima huzungumza, ndivyo mikono yangu inavyofanya kazi. Patroba akaniuliza hali za watu wangu, mmoja mmoja, kwa adabu nzuri, nami nikamjibu kwa ukunjufu.

Siku ya tatu yake, Mahmud, mtoto wa dada yangu aitwaye Hindu, alikamatwa Mokowe, ng'ambo ya maji, na magunia mawili ya sukari. Alikuwa anawapelekea ndugu zetu wa bara bila ruhusa. Walimweka ndani siku kumi na moja. Alirudi amekonda, na alipokuja kunisalimu hakunitazama usoni.

Nani aliyesema? Nililala na swali hilo nikaamka nalo. Safari ile ilijulikana na watu wa nyumbani tu, na majirani waliomwona akifunga magunia. Katika majirani, ni mmoja tu aliyekwenda kwa askari kila alfajiri. Hesabu ilikuwa nyepesi mno. Ningepaswa kuitilia shaka kwa wepesi wake, lakini shaka zangu zote nilikuwa nimeshazigawa kwingine.

Nilianza kusema, si kwa kutaja jina. Nilisema tu, "Mimi simo," na anayesikia akamalizia mwenyewe. Haikupita wiki, Jeilani akisimama safuni msikitini, walio kulia na kushoto kwake walikumbuka kwamba udhu wao umetenguka. Kwenye baraza, akitoa salamu, aliitikiwa kwa midomo iliyofumbwa.

Kisha akaja Douglas. Huyu alikuwa askari kutoka Mombasa, bingwa wa uzito wa juu wa mwaka uliopita, aliyeletwa kulinda uwanja wa ndege wa Manda. Patroba alimkutanisha na Jeilani mchangani nyuma ya laini, askari wachache wakitazama. Habari zilitufikia kabla ya adhuhuri: Douglas alianguka raundi ya pili, na alipoinuliwa aliuliza huu ni mji gani. Jeilani alipita mbele yangu jicho limefumba, anatabasamu kama mtu aliyezaliwa upya.

"Tazamani mato yake," niliwaambia waliokaa nami. "Aliyepigwa kweli na askari hatabasamu."

Hakuna aliyenikosoa. Sisi ngumi hatukuzijua. Tulijua kirumbizi, mchezo wa fimbo wa maharusi, ambao ukimuumiza mwenzako umekosa adabu. Mtu kupigwa usoni na kufurahi hatukuwa tumewahi kuona.

Ili Jeilani asafiri kwenda Mombasa, ofisi ya barua za ruhusa ilimtaka alete sahihi mbili za wenye nyumba wa mtaani kwake. Ya kwanza aliipata kwa mwalimu wake wa chuo cha Kurani, mzee ambaye masikio yalikuwa yamemwacha, hivyo uvumi haukumfikia. Ya pili ikakosekana. Huyu ana wageni, yule atamuuliza kwanza kaka yake, mwingine kalamu imekauka. Boti ilikuwa iondoke Alhamisi baada ya adhuhuri. Jumatano alasiri Bi Barka alikuja mwenyewe.

"Bwana Abdulghafur, mwanangu wamuyua tangu yuwatambaa. Andika ina lako tu."

"Bi Barka, mimi mtoto wa dada yangu amelala kifungoni siku kumi na moja."

"Na Jeilani ndiye aliyemfunga?"

"Mimi sikusema."

"Wewe hukusema," alijibu, "lakini mui mzima wasema kwa kinwa chako."

Nilimwambia nitafikiri. Alhamisi asubuhi alikuja Patroba, bila sare, na Jeilani nyuma yake, ile karatasi mkononi.

"Fundi, habari ya Mahmud haikutoka kwa huyu kijana."

"Ilitoka kwa nani?"

Alinitazama, kisha akautazama utepe shingoni mwangu. "Hilo siwezi kukuambia, ni mambo ya kazi. Weka sahihi tu, mzee wangu. Nakuomba."

Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Nikajiuliza: askari amtetee mtu hivi, aje mpaka nyumbani, aombe, na asiwe mtu wake? Hapo nikaona nimeshapata ushahidi. Nikaiweka kalamu chini, nikasema mkono unaniuma.

Jeilani aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaniaga kwa heshima.

Boti iliondoka. Douglas alikwenda Mombasa akawashinda wote, akachukuliwa timu ya taifa, akapanda ndege kwenda kupigana ng'ambo. Tulimsikia redioni. Mwaka uliofuata Patroba alihamishwa. Mwaka wa sitini na nane boriti ziliporomoka gatini zikamvunja Jeilani bega la kushoto, na likaunga vibaya. Bukta hakuwahi kuja kuichukua.

Mwaka wa sitini na tisa Mahmud, aliyekuwa amepata kazi Mombasa, alikuja kwa Idi. Nikamwona kwa Bi Barka, anakula sahani moja na Jeilani. Nilipandwa na hasira, nikamwita.

"Huna haya? Wala sahani moja na mtu aliyekuuza?"

"Mjomba, basi sasa," alisema. "Mama alinikataza kukuambia, lakini nimechoka. Kule Mokowe waliponikamata walijua magunia ni mawili, na walijua nitashuka saa ngapi. Nikauliza nani kasema. Wakacheka. Wakasema, mjomba wako, alipokuwa akimpima mtu bukta."

Nilitoka nikaenda kwa Bi Barka. Jeilani alikuwa ananawa mikono. Nikamwambia yote, kwa haraka.

"Nayua, Ami," alisema. "Patroba aliniambia siku ile ile ya sahihi."

"Mbona hukunena?"

"Ningenena nini? Kwamba askari waniambia siri zao?"

Alinyanyuka, akausukuma mkono wa kushoto kwa wa kulia ukafika kifuani tu, kwa kuwa haupandi zaidi ya hapo. Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono miwili, ule ule ulioiweka kalamu chini, akaubusu kama kijana yeyote anavyoubusu mkono wa mkubwa wake siku ya Idi.

Nilitamani anipige.