Farasi Aliyekataa Maji

Juzi, pale kituo cha afya cha Ngezi, muuguzi alinipa kikombe cha maji yenye chumvi na sukari. Mwanangu alikuwa anaharisha tangu jana yake, na kila nikimpa maji anageuza uso. Nikasema, "Mama, mutoto haiko na kiu."

"Wakati anakatala, njo wakati mwili iko inaomba zaidi," akanijibu. "Chumvi ikitoka mu mwili, hata kiu inapotea. Mupe kidogo kidogo."

Rafiki yangu, machozi yalinitoka hapo hapo kwenye benchi. Nilimkumbuka Babu.

Babu alikuwa mtu wa ng'ombe. Vita vilimnyang'anya ng'ombe wote upande wa Gety, tukakimbilia Bunia, mtaa wa Ngezi, naye akanyamaza. Walisema amani imerudi, ingawa milio ya risasi ilisikika bado kwa mbali. Nyanya alimwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, akala nusu, akarudi kukaa kizingitini.

Kisha jirani yetu, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, akaleta farasi toka Uganda ili ashindane na pikipiki siku ya sikukuu. Nani atamchunga? Babu! Wee, ungemwona! Alimpigia miluzi ya ng'ombe, akamsugua kwa majani, akatukemea watoto kwa sauti tuliyokwisha kuisahau. Nyanya alicheka: "Muzee ameoa mara ya pili."

Siku yenyewe, kwenye uwanja wa Ngezi, jua lilichoma kweli kweli. Farasi akaziacha pikipiki zote nyuma, na watu ambao hawakuwa wakisalimiana wakakumbatiana kwenye vumbi. Aliporudi, jasho lilikuwa limemkaukia mbavuni, jeupe. Niligusa, nikaramba kidole: chumvi tupu.

Babu akamwekea beseni la maji. Farasi akanusa, akageuza kichwa. Babu akalisogeza tena, akakataa tena.

"Mumuache," Babu akasema. "Munyama inajua kiu yake. Hakuna ng'ombe yangu yenye ilikufa na kiu mbele ya maji."

Alasiri misuli ya farasi ilianza kutetemeka, akalala chini. Jua lilipotua alikuwa amekufa, na beseni bado limejaa mbele ya pua yake.

Jirani hakumlaumu Babu. Hakuna aliyemlaumu. Lakini Babu alirudi kizingitini na hatukuusikia tena mluzi wake. Mara kwa mara alimuuliza Nyanya, "Nilimunyima maji, eh?" Nyanya akajibu, "Hapana, Muzee, ulimupa." Babu alikufa bila kumwamini.

Uwanja ule sasa ni nyumba za mabati, na watoto wa Ngezi hawamjui farasi. Pale kituoni mwanangu alikunywa taratibu, mpaka mwenyewe akasema, "Maji." Nikamkumbatia nikilia.

"Mama, unalia nini tena? Mutoto anapona," muuguzi akasema.

Nikampa mwanangu funda jingine. Nilimtaka Babu, hata kwa dakika moja tu, nimwambie: haukumunyima maji, Babu. Ilikuwa chumvi. Siye wote hatukujua.