Niliiba Maji ya Mama Mukubwa Akiwa Kanisani

Mukimaliza kusoma, munitukane tu. Minye ni mwizi. Sikuiba mbuzi wala telefone. Niliiba maji ya mama mukubwa, dada wa mama yangu, siku ya Jumapili, yeye akiwa kanisani anaimba!

Minye ni mutu wa Mulongwe, hapa Uvira. Nilikuwa na kameza kadogo ka kuuzia inite za telefone, zile za kupigia simu. Nikaanza kutazama video za mashamba: kijana amevaa boti safi miguuni, anacheka, nyuma yake tomati nyekundu. Nikasema, kumbe utajiri iko karibu hivi! Nikapanda gari mpaka Lubarika, kijijini kwa mama mukubwa.

Mama mukubwa akanipa kipande cha shamba bure, pembeni ya mupunga wake. "Mwanangu, anza na lengalenga," akasema. "Inakomaa mbio, utajifunza. Tomati inasumbua."

Lengalenga! Minye nimekuja kutajirika, nipande mboga ya kulia bugali? Nikapanda tomati shamba nzima, nikajipiga picha na boti mupya, nikatuma kwa WhatsApp. Nikajiita patron, bosi wa shamba.

Sasa, kule maji inatoka kwa mufereji mumoja, na kila mutu iko na siku yake. Kila Jumamosi wote wanaenda salongo, kutoa matope na majani mu mufereji. Minye sikuenda hata mara moja. Matope kwa boti zangu? Ah, jamani! Baba Furaha, mukubwa wa mufereji, akaniambia, "Weye, asiyekuja salongo hana siku ya maji." Nikamuona ni muzee anayependa kuamuru tu.

Kisha mvua ikakatika. Tomati zikaanza kulala chini.

Jumapili ilikuwa siku ya mama mukubwa. Alifungulia mupunga wake maji asubuhi, akavaa kitenge chake kizuri, akaenda kusali. Na muhubiri wao hajui kumaliza! Nikachukua mufuko wa udongo, nikaziba kwake, nikafungua kwangu. Kabla ya watu kutoka kanisani, nikarudisha vile ilikuwa. Jumapili zilizofuata nikafanya vilevile, kwaya yao naisikia kwa mbali, na minye naimba nao. Shetani mwenyewe angeona haya!

Mupunga wake ulikuwa unatoa maua. Sikujua kama ukikosa maji wakati ule unabeba maganda matupu. Ningejua, ningeacha? Sijui. Sitawadanganya.

Na tomati zangu? Zilioza mizizi zote! Nilizinywesha kupita kiasi, mujinga minye. Sikupata hata za kutia mu chungu.

Jumamosi moja nilipita karibu na mufereji, watu wako kwa salongo. Baba Furaha akamuambia mama mukubwa mbele ya wote, "Maji yako inaibiwa. Muulize huyu mutoto wako wa mujini."

Mama mukubwa akatupa jembe chini. "Baba Furaha, kama ni chuki, unichukie minye! Huyu mutoto nilimubeba kwa mugongo. Hawezi kuiba!"

Watu wote wakanigeukia. Minye niko naangalia boti zangu. Neno moja tu lingetosha, na sikulisema. Tangu siku ile mama mukubwa na Baba Furaha hawasalimiani, na walikuwa wanagawana hata chumvi.

Nikarudi Uvira, kwa kameza kangu. Juzi dereva wa gari la Luvungi, kule karibu na Lubarika, akanishushia mufuko. Muchele! Mama mukubwa alichambua ule mupunga kidogo uliobeba, akanitumia nusu. Dereva akasema, "Mama anasema usivunjike moyo. Tomati ilikutesa sana."

Eh Mungu wangu! Heri angenitukana!

Weye unayetazama video leo, roho inakuruka, unataka shamba: panda lengalenga yako bila haya. Chafua boti zako kwa salongo pamoja na wengine. Ukikosa maji, uombe, hata kama watakucheka. Kuchekwa kunapita, lakini mama anayekutetea na weye unajua ulichofanya, huyo utamuona kila unapofunga macho.

Nimeungama kwenu, watu nisiowajua. Kwake bado. Muchele wake niliupika jana. Nikakula nikilia, kisha nikaongeza sahani ya pili.