Kopo la Herufi

Kiharusi kilimpata mume wangu asubuhi moja akifunga kamba za viatu aende kazini. Alikuwa ameongoza watalii Ngorongoro kwa zaidi ya miaka ishirini. Mguu ulirudi baada ya wiki chache, mkono ukafuata kwa kusuasua, lakini ulimi ukagoma. Kiswahili kilipotea, Kiiraqw cha mama yake kikapotea, kikabaki Kiingereza cha kazini, nacho vipande vipande. Mama mkwe alipokuja kumwona kutoka Kansay, alimshika kichwa kwa mikono miwili akamsalimia kwa lugha yao. Mwanawe akamjibu, "Good morning, madam." Mama mkwe alicheka, halafu akatoka nje kulia.

Mimi nilikasirika. Niseme ukweli, niliona wivu. Lugha aliyonitongozea imekwenda, ile aliyowapa wageni ndiyo imebaki! Nami niliishia darasa la saba. Kiingereza nilikiacha pamoja na sare ya shule. Kilichoniuma zaidi ni kwamba binti yetu alikuwa ameshachumbiwa. Sendofu ilikuwa miezi saba mbele, na siku hiyo baba ndiye husimama kumpa binti neno la kuondokea nyumbani. Mdogo wa mume wangu alijitolea kusema badala yake, kwa nia njema kabisa. Mume wangu alisikia, akageuzia uso ukutani.

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alinishauri nimpe herufi chache kila siku aunde nazo maneno anayoyaweza, kwa lugha yoyote. Jirani yetu mwenye duka la vitambaa akanipa maboksi matupu. Nikayakata vipande vidogo, nikaandika herufi kwa wino mzito, nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Baada ya chakula cha mchana, genge langu la mboga likiwa limepoa, tulikaa nyuma ya mafungu ya vitunguu vya Mang'ola nikamwagia herufi tano au sita mezani. Binti yetu aliniandikia majibu kwenye karatasi kabla hajaenda kazini, maana mimi mwenyewe nisingejua neno la Kiingereza hata likinigonga kichwani.

Wiki za kwanza zilikuwa mateso. Mkono wake ulielea juu ya herufi, nami nikawa nachungulia karatasi na kumsogezea. Akishika moja, mimi nishaweka tatu. Wateja nao hawakubaki nyuma. Mtu amekuja kununua nyanya za kupikia, anaacha kapu chini na kuanza kupanga. Kwetu mgonjwa haachwi ahangaike. Ukimwona anatafuta neno unampa, kama unavyompokea mtu mzigo. Mume wangu alifika mahali akazifagia zote kwa mkono, zikaingia kwenye vitunguu.

Siku moja rafiki yake waliyeongoza naye watalii alipita kutusalimu, vumbi la kreta bado liko kwenye kope. Akatutazama kwa muda.

"Shemeji, pole na kuuguza. Lakini unamfukuzia wanyama."

"Nani, mimi?"

"Wewe na mtaa mzima. Sisi tukiona nyasi zinatikisika tunazima injini. Ukimharakisha chui, wageni wako wataona mkia tu."

Nilitaka kumjibu vibaya. Genge langu, mgonjwa wangu, halafu mtu anakuja kunifundisha! Lakini nilimwaga A, E, H, R na T, nikaifunga ile karatasi kwenye pindo la kanga, nikakaa kimya. Kwangu kukaa kimya ni kazi kuliko kulima. Mteja akifungua mdomo, namkazia macho. Chai ikapoa hadi ikafanya utando.

Akaweka HAT. Akaivunja. Akaweka EAR, akajigusa sikio huku akinitazama. Baadaye sana akazitumia zote tano, HEART, akaweka kiganja kifuani. Kisha akaiondoa H mbele, akaipeleka nyuma, akapiga mguu kwenye udongo mara mbili. EARTH. Kumbe alikuwa ananionyesha maana, kama alivyozoea kuonyesha watu. Wivu wangu wote uliishia pale. Mgeni garini nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo tulienda kwa mwendo wake. Maneno machache ya Kiswahili yalirudi, la kwanza likiwa "hapana", na alilitumia bila huruma. Mimi nikaanza kuyajua maneno yake, hata usiku nayapanga kichwani.

Siku ya sendofu, mshereheshaji alipomwita baba wa binti, alimpelekea kipaza sauti yule mdogo wake, kama walivyokubaliana. Mume wangu akanyoosha mkono wake mzima akakichukua. Akasimama, mkono mwingine begani kwangu.

"Door," akasema. Tukasubiri. "Open."

Kisha kikaja kimya kirefu. Watu wakaanza kukohoa. Shemeji yangu akaanza kuinuka. Nikamvuta koti, akakaa. Nilikuwa nimeshajua neno analolitafuta. Lilinifika hadi kwenye meno, na niliona uchungu kulizuia. Binti yetu hakumwondolea baba yake macho.

"Always."

Jasho lilikuwa linamtiririka. Nikasimama nikatafsiri kwa Kiswahili, halafu kwa Kiiraqw ili mama mkwe asikie: mlango uko wazi siku zote. Binti akamkumbatia baba yake, mama mkwe akawa anaitikia kwa kichwa, anaitikia tu.

Shangazi mmoja akauliza kwa sauti kama ndiyo basi. Mengi ya kuongeza nilikuwa nayo, nilishayaandaa tangu wiki iliyopita. Nikamjibu ndiyo, baba amemaliza, nikaketi.